Siku Iliyonyooka: Mambo Madogo Yaliyofanya Pesa Ifike Salama

Wateja wengi hutupigia simu siku mambo yameharibika. Pesa imeenda kwa namba isiyofaa, wakora wamempigia mzee nyumbani, au malipo yametoka kwa simu lakini mwenye duka anasema hajaona kitu. Kusaidia siku kama hiyo ni kazi yetu. Lakini hakuna mtu hupiga simu kusema, "Leo nimelipa na kutuma mara tano na zote zimefika." Siku ya namna hiyo hupita kimya, tunalala, tunaisahau.

Somo la leo ni kuhusu siku hiyo. Ukitazama siku ambayo mambo yote yalikwenda sawa, utaona kuna vitu vidogo mtu alifanya, na watu wengine walimfanyia, bila hata kuvifikiria. Hivyo ndivyo vitu tunataka uvijue kwa majina, ili kesho uvifanye kwa makusudi.

Tutamfuata mama mboga mmoja wa Kangemi, Nairobi. Si mtu halisi. Tumemuunda kutokana na mambo ambayo watumiaji wa pesa kwa simu hufanya kila siku. Usiku uliopita salio lake lilikuwa Sh12,600. Binti yake yuko shule ya bweni na karo iliyobaki ni Sh15,000. Mwisho wa kulipa ni leo saa kumi jioni. Isipoingia, binti anarudishwa nyumbani. Bahati nzuri leo pia ni zamu yake kwa chama. Kwa hivyo hesabu inatosha, lakini haina nafasi ya kosa.

Saa kumi na moja alfajiri: Marikiti

Mama anafika soko la Wakulima, ambalo wengi tunaliita Marikiti, kununua nyanya, sukuma na vitunguu. Jumla ni Sh3,450. Muuzaji wa jumla ana kadi yenye namba yake ya Till. Mama amenunua kwake miaka mingi, na angeweza kuandika namba hiyo kutoka kichwani. Hafanyi hivyo. Anaisoma kwenye kadi, anaiandika, kisha anaisoma tena kwenye simu.

"Ni elfu tatu mia nne hamsini, sindio?"

"Ndio, mama."

Jina la biashara linajitokeza kwa skrini. Ni lile analolijua. Anakubali, anaweka PIN akiwa ameikinga simu na mkono, na baada ya muda mfupi simu ya muuzaji inalia. "Zimeingia," anasema. Hapo ndipo mizigo inabebwa.

Kwa nini hapa mambo yalienda sawa? Kwanza, namba ilisomwa mahali ilipoandikwa, haikukisiwa. Pili, mama alisoma jina. Namba ya Till ni ya biashara, kwa hivyo jina utakaloliona linaweza kuwa jina la duka na si la mtu unayeongea naye. Kama hujui duka limesajiliwa kwa jina gani, uliza kabla ya kulipa: "Italeta jina gani?" Mwenye biashara wa kweli atakujibu mara moja. Mtu anaweza kubandika karatasi yenye namba yake juu ya namba ya duka, na jina ndilo litamfichua. Tatu, kiasi kilitajwa kwa mdomo. Sufuri moja ya ziada hugeuza Sh3,450 kuwa Sh34,500, na ukiwa na haraka jicho haliioni. Sikio husaidia.

Kuna faida nyingine hapa. Kwa M-Pesa, mteja anayelipa kwa Till hatozwi ada ya malipo hayo. Angeenda kwanza kwa wakala kutoa pesa ndipo alipe taslimu, angelipa ada ya kutoa, na angetembea Marikiti alfajiri na noti mfukoni.

Kijana wa mkokoteni anataka Sh100. Mama anamtumia kwa namba yake ya simu. Kwa M-Pesa, kutuma Sh100 kushuka chini ni bure. Hata hivyo, kwa hiyo mia moja mama anasoma jina kama alivyosoma kwa elfu tatu. Tabia ya kusoma jina hujengwa na pesa ndogo. Ukiizoea kwa mia, hutaisahau kwa elfu kumi na tano.

Saa mbili asubuhi: zamu ya chama

Chama chao kina wanawake kumi na mmoja. Kila mwezi kumi wanachanga Sh1,000 kila mmoja, na mwenye zamu anapokea Sh10,000. Mweka hazina ana namba za wote kwenye daftari, lakini daftari ni la tangu mwaka juzi. Kabla ya kutuma anapiga simu.

"Dada, bado uko na ile laini inayoishia na 42?"

"Ndiyo hiyo. Sijabadilisha."

"Sawa, nakutumia sasa hivi. Ukiona imeingia niambie."

Anaandika namba, jina linajitokeza, ni la mwenye zamu. Kwa M-Pesa huduma hii ya kuonyesha jina inaitwa Hakikisha, na kazi yake ni moja tu: kukupa nafasi ya kusimama kabla pesa haijaondoka. Lakini haiwezi kukusomea. Watu wengi hukosea hapa. Jina linatokea, kidole kinabonyeza kukubali kwa sababu kimezoea, na jina halisomwi kabisa.

Ujumbe unaingia. Mama anaangalia salio: Sh19,050. Anaandika kwa kikundi cha chama: "Nimepokea 10,000. Asanteni sana." Sentensi hiyo fupi ina maana kubwa. Sasa watu kumi wanajua pesa ilifika, na mwezi ujao hakuna atakayeuliza zamu ya nani ililipwa na ipi haikulipwa.

Saa nne: kwenye kibanda

Biashara imechangamka. Mteja mmoja ananunua mboga za Sh180, analipa kwa Till ya mama, kisha anamgeuzia skrini ya simu yake. "Nimetuma. Angalia."

"Asante kaka. Ngoja kidogo yangu iingie."

Mtandao una uzito. Nusu dakika inapita, mama anaendelea kukata sukuma ya mteja mwingine. Simu yake inalia, anasoma, anasema, "Imefika, karibu tena." Mteja anaenda zake na hakuna aliyekasirika.

Hili ni jambo ambalo wafanyabiashara wengi huona aibu kulifanya, hasa kwa mteja aliyevaa vizuri au jirani. Lakini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si ushahidi kwamba umelipwa. Unaweza kuwa wa jana. Unaweza kuwa umeandikwa na mtu. Unaweza pia kuwa wa kweli kabisa lakini pesa imeenda kwa Till ya jirani. Ushahidi wako uko kwenye simu yako au kwenye taarifa ya Till yako. Kila malipo ya M-Pesa yana kodi yake ya herufi na tarakimu kumi. Kukiwa na ubishi, linganisheni kodi hiyo, saa na kiasi.

Kumsubirisha mteja kwa heshima si kumdharau. Ukifanya hivyo kwa kila mtu, hakuna atakayehisi ameshukiwa.

Angalia pia kwamba pesa ya mauzo inaingia kwenye Till, si kwenye akaunti yake ya kawaida ya simu. Pesa ya biashara iko upande wake, pesa ya karo iko upande wake. Jioni atajua ameuza ngapi bila kuanza kutoa hesabu ya chama na ya mkokoteni.

Saa tano na nusu: simu kutoka kwa mtu asiyemjua

Ujumbe unaingia ukisema amepokea Sh2,500. Dakika moja baadaye simu inalia. Ni sauti ya mwanamume, ina haraka.

"Mama, samahani sana. Nimetuma pesa ya dawa ya mtoto kwa namba yako kimakosa. Tafadhali nirudishie, mtoto yuko hospitali."

Mama hapandishi sauti. Anasema, "Ngoja niangalie," anakata simu, na anafanya vitu viwili.

Cha kwanza, anaangalia ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wa M-Pesa huja kwa jina MPESA. Huu umekuja kutoka namba ya kawaida ya simu, kama ya mtu yeyote. Cha pili, anaangalia salio mwenyewe kupitia *334#. Ni lile lile la asubuhi, Sh19,050. Hakuna kilichoingia.

Simu inalia tena. "Sijaona pesa yoyote kwangu," anamwambia. "Kama umekosea, wapigie huduma kwa wateja watakusaidia." Anakata, na hapokei tena. Kwa kuwa yuko Safaricom, anautuma ujumbe ule kwa 333, namba ya kuripoti utapeli.

Sasa utauliza: na kama pesa ingekuwa imeingia kweli? Jibu ni lile lile. Usirudishe kwa mkono. Mwambie aliyetuma aombe kurudishiwa kupitia kampuni yake. Sababu ni rahisi. Ukimtumia Sh2,500 wewe mwenyewe, na papo hapo yeye ameomba kampuni irudishe ile ya kwanza, utakuwa umelipa mara mbili. Mtu aliyekosea kweli hapotezi chochote akifuata njia hiyo. Tapeli ndiye hataki kuisikia.

Mama alifaulu hapa kwa sababu moja kubwa: alijua salio lake kabla simu haijalia. Mtu asiyejua ana pesa ngapi ni rahisi kuaminishwa kwamba zimeongezeka.

Saa saba mchana: karo

Mwisho wa kulipa ni saa kumi, lakini mama analipa saa saba. Tutarudi kwa hilo.

Asubuhi kulikuwa na ujumbe kwenye kikundi cha wazazi: "Wazazi tafadhali mjue shule imebadilisha Paybill, tumieni hii mpya." Aliyeutuma ni mzazi mwenzake, mtu mzuri, na yeye aliupata kwa mtu mwingine. Mama anatoa barua ya karo waliyopewa shule ilipofunguliwa. Namba iliyo kwenye barua ni tofauti. Anapiga simu ya ofisi iliyochapishwa kwenye barua hiyo hiyo, si ile iliyo kwenye ujumbe.

"Hujambo mwalimu. Naulizia Paybill ya karo. Imebadilika?"

"Hapana, mzazi. Ni ile ile iliyo kwenye barua. Hatujabadilisha kitu. Na usisahau namba ya mtoto."

Malipo ya Paybill yana sehemu mbili, na kila moja ina hatari yake. Ya kwanza ni namba ya biashara. Hiyo inaamua pesa inaenda kwa nani, na jina litakuonyesha. Ya pili ni namba ya akaunti. Kwa shule, mara nyingi hiyo ni namba ya usajili ya mwanafunzi. Ukiikosea, pesa inaweza kufika shuleni vizuri kabisa lakini ikaandikwa kwa mtoto wa mwenyewe, au ikakaa bila jina. Skrini itakuonyesha jina la shule, utatulia, kumbe binti yako bado ana deni kwenye vitabu. Kwa hivyo namba ya akaunti ndiyo ya kusoma tarakimu moja moja.

Mama anafanya hivyo. Anasoma kwa sauti ndogo huku kidole kikiwa kwenye barua. Kisha kiasi, Sh15,000. Hana wasiwasi wa kikomo, maana M-Pesa inaruhusu hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja. Anaangalia pia kama kuna ada. Baadhi ya Paybill humtoza anayelipa, na kwa nyingine ada hubebwa na mwenye akaunti. Ni vizuri kuacha kitu kidogo juu ya kiasi unacholipa, kwa sababu salio likipungukiwa hata shilingi chache malipo yatakataa.

Anaweka PIN. Ujumbe unaingia. Haufuti. Anaupeleka kwa namba ya ofisi ya shule pamoja na jina la binti. Baada ya nusu saa anajibiwa: "Tumepokea, mzazi. Risiti atapewa mwanafunzi."

Kisha anaandika kwenye kikundi cha wazazi: "Nimeuliza ofisi ya shule. Paybill haijabadilika, tumieni ile ya barua." Wazazi wengine waliokuwa karibu kulipa kwa ile "mpya" wakaiona kwa wakati.

Saa tisa: mama mkwe Luanda

Mama mkwe yuko Luanda, Vihiga. Anahitaji Sh1,500. Mama anamtumia pamoja na ya kutoa, ili mzee asije akafika kwa wakala na kupunguziwa. Halafu anapiga simu.

"Mama, nimekutumia elfu moja mia tano na ya kutoa. Imefika?"

"Mjukuu anasema imefika. Asante mwanangu, Mungu akubariki."

"Mwambie mjukuu akusomee ujumbe peke yake. Ile namba ya siri uweke wewe mwenyewe."

Kabla ya kwenda, mjukuu anapita kwa wakala kuuliza kama ana pesa taslimu. Hili husumbua watu wengi, kwa hivyo tulieleze. Wakala ana mifuko miwili: noti zilizo kwenye droo, na floti iliyo kwenye simu. Ukiweka pesa, anachukua noti zako na floti yake inapungua. Ukitoa pesa, anakupa noti na floti yake inaongezeka. Ndiyo maana wakala anaweza kukuwekea lakini ashindwe kukutolea, au kinyume chake. Si kwamba hataki. Ukiwa na mzee anayetembea kwa shida, uliza kwanza.

Wakala anaomba kitambulisho. Mama mkwe anacho, cha asili, si picha. Namba ya wakala iko ukutani, mjukuu anamsaidia kuiandika pamoja na kiasi, kisha anamrudishia simu na kugeuka upande mwingine. Wakala naye anasema, "Mama, weka namba yako ya siri, sisi hatuangalii." Ujumbe unaingia kwa simu zote mbili. Wakala anahesabu noti, mama mkwe anahesabu tena papo hapo dirishani, anatia sahihi kwenye daftari la wakala, anaondoka.

Mjukuu ni mtoto mzuri, na huenda asingechukua hata shilingi. Lakini PIN inapojulikana na watu wawili, siku pesa ikipungua hakuna wa kuulizwa bila kuumizana. Kutojua PIN ya bibi kunamlinda mjukuu pia.

Saa mbili usiku: tokeni na daftari

Stima iko karibu kuisha. Mama ananunua tokeni ya Sh300 kupitia Paybill ya Kenya Power, 888880, na namba ya akaunti ni namba ya mita. Hakumbuki namba ya mita na hajaribu kukumbuka. Anaitoa kwenye ujumbe wa tokeni ya mwezi uliopita. Tokeni ya tarakimu ishirini inafika, anaiingiza kwenye mita, taa inaendelea kuwaka.

Kisha anachukua dakika kumi na daftari. Anaandika pesa iliyotoka na iliyoingia, akilinganisha na ujumbe mmoja mmoja, na mauzo ya Till kando. Kila kitu kimekubaliana. Anafunga simu na kulala.

Je, ilikuwa bahati?

Kiasi fulani, ndiyo. Mtandao ungeweza kupotea. Wakala wa Luanda angeweza kukosa noti. Ofisi ya shule ingeweza kutopokea simu. Mama hana uwezo juu ya hayo. Ndiyo maana alilipa karo saa saba na si saa kumi kasoro dakika tano. Kitu kingekwama, angekuwa na saa tatu za kujaribu tena, kupiga simu, au kwenda kwa njia nyingine. Muda ni sehemu ya usalama wa pesa. Makosa mengi hufanywa na mtu aliye na haraka, na matapeli wanajua hivyo. Ndiyo maana simu zao huwa za dharura kila mara.

Lakini sehemu kubwa haikuwa bahati. Tazama mambo yanayojirudia tangu alfajiri:

1. Nani anapokea? Namba imesomwa mahali ilipoandikwa, na jina limesomwa kabla ya kukubali.
2. Ni kiasi gani? Kimetajwa kwa mdomo au kusomwa mara ya pili.
3. Habari hii imetoka wapi? Ujumbe wa kikundi umeulizwa ofisini, na ujumbe wa "umepokea" umelinganishwa na salio.
4. Imefika? Upande wa pili umethibitisha, na ujumbe umehifadhiwa.

Na tazama jambo lingine. Hakuwa peke yake. Muuzaji wa Marikiti alisema "zimeingia". Mweka hazina alipiga simu kwanza. Mteja alisubiri bila kununa. Ofisi ya shule ilipokea simu. Mjukuu aligeuka upande mwingine. Siku yako ikinyooka, kuna watu kadhaa wamefanya sehemu yao. Na wewe ni mmoja wao kwenye siku ya mtu mwingine.

Ikitokea umekosea

Hata mtu makini huteleza. Ukituma kwa namba isiyofaa, usianze kwa kumpigia aliyepokea na kubishana. Omba kurudishiwa mara moja. Kwa M-Pesa, tuma ujumbe wote wa muamala kwa 456. Kwa huduma nyingine, piga namba ya huduma kwa wateja unayoijua, si ile uliyotumiwa na mtu. Kufanya haraka kunasaidia kwa sababu pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea kuna cha kushikilia. Akishaitoa, kazi inakuwa ngumu zaidi, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba itarudi.

Simu ikipotea, ripoti laini ifungwe kwanza, mambo ya simu yenyewe baadaye. Pesa yako haikai ndani ya simu. Sheria za malipo nchini Kenya zinataka pesa za wateja wa huduma hizi zihifadhiwe kwenye akaunti ya amana, kando na pesa za kampuni. Ukipata laini yako tena, salio liko pale, mradi PIN yako haikujulikana na mtu.

Jipime

Jibu maswali haya kabla ya kusoma majibu.

*Swali la 1.* Mteja amekuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, una jina la duka lako na kiasi sahihi. Wewe hujapata ujumbe. Unafanya nini?

*Swali la 2.* Umelipa karo, skrini imeonyesha jina la shule. Je, umemaliza?

*Swali la 3.* Sh1,000 imeingia kwako kweli, salio limeongezeka, na mtu anapiga simu akidai ni yake. Unamtumia?

*Swali la 4.* Wakala anakwambia, "Nipe PIN nikuwekee, mtandao uko chini." Unamjibu nini?

*Majibu.* La 1: unamwomba asubiri, unaangalia taarifa ya Till yako, na mnalinganisha kodi. Hutoi bidhaa kwa ujumbe wa simu ya mtu mwingine. La 2: bado. Hakikisha namba ya akaunti ni ya mtoto wako, na upate jibu kutoka shuleni. La 3: hapana. Aombe kurudishiwa kupitia kampuni yake, na wewe usiitumie pesa hiyo hadi jambo liishe. La 4: unakataa na kuondoka. Wakala hahitaji PIN yako kwa kazi yoyote, na kama mtandao uko chini, PIN haiwezi kuuinua.

Ukipata yote manne, msomee mtu mmoja nyumbani maswali haya leo jioni, hasa yule ambaye hukuomba umsaidie kutuma pesa. Anza na swali la tatu. Ndilo watu wengi wazuri hulikosa, kwa sababu wana huruma.